Ziwa ni la mama, uso ni wa mtoto

BILA shaka wewe msomaji umewahi kuiona picha ya aina hii. Mama kijana ameketi kitandani, leso i mabegani, mtoto wake wa miezi miwili yu kifuani ananyonya huku amefumba macho kwa utamu. Chini ya picha mama ameandika jina la mtoto, tena majina yote matatu, tarehe aliyozaliwa na hospitali alikozaliwa, kisha akamshukuru Mungu. Kabla uji haujapoa mezani, vita vimezuka. Mmoja anauliza haya imekwenda wapi. Wa pili anamjibu kwamba haya imo machoni mwa anayetazama. Wa tatu, aghalabu mwanamume, anaapa kwamba mkewe hawezi kufanya kitendo kama hicho hata siku moja. Wa nne anamuuliza iwapo yeye alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe.

Kufikia jioni watu mia moja wamekwisha kulizungumzia ziwa la mama yule. Hakuna hata mmoja aliyemzungumzia mtoto.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame Jumapili hii, mpenzi msomaji, kwa sababu naona tumekuwa tukigombania kitu ambacho si chetu na kukiacha kile kinachohitaji mtetezi. Ziwa ni la mama mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake, na akiamua lionekane au lisionekane hilo ni shauri lake. Lakini uso wa mtoto, jina lake na siku yake ya kuzaliwa ni vitu vya mtu mwingine, mtu ambaye bado hajajua kusema.

Hebu tuanze na ziwa, maana ndilo lenye kelele nyingi.

Nyanya zetu walinyonyesha sokoni, kanisani, ndani ya mabasi ya kwenda mashambani na chini ya mti wakingojea zamu yao kliniki. Mtoto akilia alitolewa mgongoni akapewa haki yake, na mazungumzo yakaendelea pale pale yalipokuwa yamefika. Aliyekodoa macho ndiye aliyeonekana hana adabu. Leo hii kifua cha mwanamke kinaweza kutumiwa kwenye bango la barabarani kuuzia watu karibu bidhaa yoyote, na tunapita chini yake tukienda kazini bila kuguna. Kifua hicho hicho kikifanya kazi kiliyoumbiwa, ndipo tunapokumbuka maadili ya Kiafrika!

Wakazi wa Nairobi watakumbuka yaliyotokea Mei 2018. Mama mmoja aliandika katika Facebook jinsi alivyokuwa akimnyonyesha mwanawe katika mkahawa wa katikati ya jiji, akaagizwa ajifunike. Habari hiyo ilisambaa kama moto wa nyikani, na siku chache baadaye akina mama wakaandamana jijini wakiwa na watoto wao, baadhi yao wakinyonyesha njiani. Nakumbuka wanaume waliosimama kando ya barabara wakicheka. Nakumbuka pia kwamba si wote waliocheka.

Si sisi wa kwanza. Desemba 2008 akina mama walikusanyika nje ya ofisi za Facebook mjini Palo Alto, California, wakawanyonyesha watoto wao papo hapo kulalamikia kampuni hiyo kwa kuzifuta picha zao za kunyonyesha kana kwamba ni picha chafu. Ilichukua miaka. Ilikuwa Machi 2015 ambapo Facebook iliandika waziwazi katika kanuni zake kwamba picha za mama anayenyonyesha zinaruhusiwa. Kwa hivyo ndugu yangu unayetisha kumripoti dada wa watu eti picha yake ifutwe, fahamu kwamba kesi hiyo ilikwisha kuamuliwa zamani, na ulishindwa.

Tena picha hizi zina faida ambayo wengi hawaioni. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila hata tone la maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka miwili na zaidi. Piga hesabu mwenyewe uone miezi mingapi imebaki bila mwenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 ilimtaka mwajiri atenge mahali ambapo mfanyakazi anaweza kunyonyesha au kukama maziwa yake, lakini waulize dada zetu wa madukani na viwandani. Wengi watakwambia mahali pao ni chooni. Sasa mama kama huyo, aliyejifungia chooni na kikombe mkononi akidhani ni yeye peke yake anayetaabika hivyo, anapofungua simu akaona picha ya karani mwenzake akikama maziwa ofisini bila kuona haya, hupata nguvu ambazo hotuba ya daktari haiwezi kumpa.

Tumepiga hatua, ni lazima tukiri. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2003 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miezi sita humu nchini, ni 13 tu waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Uchunguzi wa 2014 ulipofanywa walikuwa wamefika 61. Ule wa 2022 ukakuta 60, yaani tumekanyaga papo hapo kwa miaka minane. Sitaki kudai kwamba simu ndizo zilizoleta ongezeko lile. Kazi kubwa ilifanywa na manesi na wahudumu wa afya waliokuwa wakifundisha kwenye kliniki na nyumba kwa nyumba. Lakini mama wa leo anayefika nyumbani na mtoto mchanga, mama mkwe yuko Kitui na jirani hamjui, mara nyingi huuliza simu kwanza.

Na simu inaweza kumfundisha vizuri. Mtoto akiwa hakushika ziwa sawasawa, chuchu hupasuka, mama hulia, na mtoto halali kwa sababu hashibi. Maelezo ya maneno humchanganya mtu, lakini picha moja nzuri humwonyesha: mdomo wa mtoto umeachama vizuri, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, kidevu kimeligusa ziwa, na ile sehemu nyeusi inayoizunguka chuchu inaonekana zaidi upande wa juu wa mdomo kuliko chini. Hayo ndiyo anayohitaji kuona.

Itazame tena orodha hiyo, msomaji. Je, unaona mahali jina la mtoto linapohitajika? Au tarehe yake ya kuzaliwa? Au hata macho yake? Picha inaweza kumsaidia mama aliyeko Lodwar bila yeye kujua mtoto huyo ni wa nani.

Hapo ndipo tunapomfikia mwenye uso.

Sisi tuliozaliwa kabla ya simu hizi tulipigwa picha chache sana, na kila moja ilikuwa na shughuli zake. Ulivishwa nguo ya Krismasi, ukapakwa mafuta hadi ukang'aa kama chungu kipya, ukapelekwa studio ukasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, au mpigapicha akapita mtaani na kamera yake ya filimu ya picha 36. Ukangojea majuma mawili. Picha ikirudi ilitiwa ndani ya albamu, na albamu ikawekwa sebuleni chini ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Mgeni alipokuja alipewa albamu ajiliwaze huku chai ikichemka. Mlemo nyote, hata yule kaka yako mkubwa akiwa uchi kwenye karai, na mgeni akacheka, na kaka akatoka nje kwa hasira.

Lakini jambo moja mlilijua: aliyeiona picha mlimjua kwa jina na kwao. Alipomaliza, albamu ilirudi chini ya meza. Ukikua ukawa hutaki mtu aione, uliichomoa ukaificha chini ya godoro, na hapo ikawa imekwisha.

Watu wa Pwani walikuwa na tahadhari ya zamani zaidi kuliko albamu. Mzazi na mtoto walikaa ndani arobaini, na hata baada ya hapo mtoto alipakwa wanja kwenye paji la uso ili kumkinga na kijicho. Unaweza kuamini au kutoamini habari za kijicho. Hayo ni yako. Ninachotaka ukione ni kwamba familia ilijiona ina wajibu wa kuchagua ni nani amwone mtoto na lini. Mtoto mchanga hakuwa tangazo. Siku hizi mtoto hajakatwa kitovu sawasawa na watu 800 wamekwisha kumwona, wengi wao wakiwa hawajui hata nyumba yao inaelekea wapi.

Huenda ukauliza, ubaya uko wapi? Wanampenda tu. Naam, wengi wanampenda. Tazama hata hivyo picha zenyewe zinavyosema. Januari kila mzazi huweka picha ya mtoto mlangoni pa nyumba akiwa amevaa sare mpya. Beji ya shule inasomeka. Siku ya kuzaliwa anavishwa kofia ya karatasi yenye jina lake, na juu ya keki kuna tarakimu ya umri wake. Jumapili ni picha ya kanisani. Juma lililofuata mama analalamika kwamba basi la shule limechelewa tena hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna hata picha moja hapo iliyo na kosa. Ziweke pamoja, mtu ambaye hajawahi kukutana na mtoto huyo anaweza kusimama karibu na lango saa kumi na moja, akamwita kwa jina, akamwambia, "Mama amenituma nikuchukue, keki yako ya juzi ilikuwa tamu kweli." Mtoto wa miaka sita atajuaje kwamba huyo si mjomba?

Kuna na mambo ya kimashine. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigiwa, kama mtu anavyoandika anwani nyuma ya bahasha. Facebook na WhatsApp kwa kawaida huiondoa anwani hiyo picha inapopita kwao, lakini ukiituma kupitia WhatsApp kama faili ili isipoteze ubora, huenda nayo jinsi ilivyo. Inafaa uingie kwenye mipangilio ya kamera yako uizime sehemu hiyo; si kazi ya zaidi ya dakika moja, na kijana yeyote wa nyumbani atakuonyesha.

Ama kuhusu picha za mtoto akiwa uchi, kwenye karai au ufukweni, nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe linachukiza. Kwetu sisi mtoto uchi si aibu, na Mungu atulinde tusije tukafika mahali pa kuiona ni aibu. Lakini wako watu wanaozikusanya picha hizo kwa sababu zao chafu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 imeweka faini ya hadi Sh20 milioni au kifungo cha hadi miaka 25 kwa anayesambaza picha chafu za watoto, na ukikutana na kitendo kama hicho piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Siku hizi hata hawahitaji umwonyeshe mtoto uchi, kwa kuwa programu za kompyuta zinaweza kuchukua sura ya mtu na kuitumia watakavyo. Mnamo Julai 2023 kampuni ya simu ya Ujerumani, Deutsche Telekom, ilitoa tangazo ambamo sura ya msichana wa miaka tisa ilikuzwa na kompyuta hadi akawa mwanamke mzima, akatokea kwenye pazia la sinema na kuwauliza wazazi wake kwa nini walimtawanya hivyo. Kampuni ilitumia sura hiyo kuwaonya wazazi. Mwingine ataitumia kwa jambo jingine.

Na wafanyabiashara nao wanajua thamani ya uso wa mtoto kuliko sisi. Tangu 1981, Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vyakula vya Kuchukua Nafasi ya Maziwa ya Mama imekataza picha za watoto wachanga kwenye mikebe ya maziwa ya unga, na humu nchini tuna sheria yetu ya 2012 ya kudhibiti bidhaa hizo. Kwa nini mataifa yalihangaika na picha tu? Kwa sababu mtoto mnene anayecheka humfanya mama aliyechoka asahau ushauri wa nesi. Uso wa mtoto unauza. Sasa mama mwenye wafuasi wengi anapigiwa simu na muuzaji wa nepi, anapewa katoni tatu bure, na mwanawe anakuwa kibao cha biashara akiwa na miezi minne. Katoni zitakwisha. Tangazo litabaki.

Nisije nikaonekana ninamlaumu kila mzazi mwenye simu. Kuna wazazi wa aina mbili ambao mimi nikiwafikiria hukosa la kusema haraka.

Wa kwanza ni yule aliye mbali. Maelfu ya mabinti zetu wanafanya kazi za nyumbani Riyadh, Doha na Dubai, wakiwalea watoto wa wenyewe huku wao wamewaachia nyanya zao Bungoma au Kilifi. Mama kama huyo alimwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati ili awahi ndege. Jino la kwanza aliliona kwenye simu. Hatua ya kwanza aliiona kwenye simu, usiku, baada ya kuosha vyombo vya watu kumi. Nani atathubutu kumwambia kwamba picha za watoto ni upuzi wa kujionyesha? Kwake picha ndiyo uzazi wenyewe.

Lakini angalia jinsi picha hiyo inavyomfikia. Nyanya anaweza kumtumia yeye mwenyewe, moja kwa moja, ikaingia kwenye simu yake peke yake. Hiyo ni barua. Au shangazi anaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp ili "mama yake aione", na pamoja na mama yake wakaiona fundi wa mabomba, dalali wa mashamba, kondakta aliyewahi kuagiziwa mzigo na kila mwenye nambari hiyo. Stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini aliyeinakili hakungojea saa hizo zipite. Kutuma ni jambo moja na kuanika ni jingine. Tukilishika hilo tu, nusu ya matatizo haya yatapungua na hakuna mama wa Doha atakayelala bila kumwona mwanawe.

Mzazi wa pili ni yule mwenye mtoto mgonjwa, na hapa moyo wangu huwa mzito. Umewaona. Mtoto amelala hospitalini, tumbo limevimba au kichwa kimekua kupita kiasi, amefunuliwa kila kitu kionekane, na chini kuna nambari ya M-Pesa. Watu hawatoi kwa maneno matupu, ndivyo tunavyoambiana. Ni lazima waone. Na ni kweli wanapoona hutoa, na wako watoto wanaoishi leo kwa sababu hiyo. Mzazi ambaye bili ya hospitali inapanda kila usiku unaopita hana nafasi ya kukaa akafikiria faragha. Ningekuwa yeye pengine ningefanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, tumfuate mtoto huyo akishapona, maana wengi hupona. Anaingia darasa la nne. Siku moja mwenzake anaandika jina lake kwenye simu ya dadake, na picha ile inatokea, na kuanzia hapo ana jina la utani ambalo hataliacha hadi amalize shule. Wakati huo huo tapeli aliyeko mji mwingine ameichukua picha hiyo hiyo, ameweka nambari yake mwenyewe, na anaendelea kuchangisha pesa kwa ugonjwa uliokwisha pona. Nimewahi kuzungumza na watu wanaosimamia michango ya aina hii kanisani na kwenye vyama, nao waliniambia kwamba mtoaji mwangalifu siku hizi hahitaji kuona kidonda. Anataka barua ya hospitali, jina la mzazi mwenyewe na mtu wa kumpigia simu athibitishe. Picha ikiwa ni lazima, basi ni ya mzazi, uso wake ukionekana, ameshika mkono mdogo. Mkono unatosha kabisa kumtoa mtu machozi. Na mtoto akipona, wa kwanza kuondoa picha awe ni yule aliyeiweka.

Sheria yetu inasemaje? Inasema mengi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya mtu kutumia habari za mtoto, picha ikiwa ni mojawapo, tena iwe kwa manufaa ya mtoto. Watu waliipuuza hadi Septemba 2023, ambapo shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4,550,000 na ofisi ya Kamishna wa Data kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo kilabu kimoja kikatozwa Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja, na huyo alikuwa mtu mzima. Tangu hapo shule nyingi huwapa wazazi fomu ya kutia sahihi mwanzoni mwa mwaka. Isome, usitie sahihi tu kwa sababu umesimama kwenye foleni ya karo. Una haki ya kukataa, na mtoto wako hatafukuzwa kwa hilo.

Kichekesho ni kwamba mzazi anayetishia kuishtaki shule kwa picha moja ya mahafali ya chekechea, mwenyewe ameweka mia tatu. Sheria humwona mzazi kuwa ndiye mlinzi wa mlango. Wafaransa wamejaribu kumkumbusha mlinzi kazi yake: kwa sheria waliyoipitisha Februari 2024, baba na mama kwa pamoja ndio wanaoilinda picha ya mtoto wao, naye hushirikishwa kulingana na umri wake na akili zake. Wakikosana, hakimu anaweza kumzuia mmoja kuitoa picha bila ya ruhusa ya mwenzake. Kwetu, Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambulia mtoto haki yake ya faragha, lakini ni nyumba ngapi ambamo baba na mama waliwahi kukaa chini wakalizungumzia hili kabla mtoto hajazaliwa? Tunazungumzia jina, rangi ya kitanda na nani atakuja kumkanda mzazi. Picha hatuzungumzii. Halafu baba anamwona mwanawe kwa mara ya kwanza kwenye stetasi ya shemeji yake.

Mtoto naye aulizwe, na mapema. Akishajua kusema anachotaka kula, anajua kusema anachotaka kionekane. Mtaani kwetu kuna mvulana wa miaka sita ambaye shangazi yake alimpiga picha akicheka, akawa anataka kuiweka Facebook.

"Shangazi, usiweke," mtoto akamwambia.

"Kwa nini, baba?"

"Sina meno."

Shangazi alicheka hadi akashika ubavu, lakini simu aliirudisha mkobani. Mtoto alikwenda zake kucheza kama mtu ambaye hajafanya jambo lolote kubwa. Kumbe amejifunza kwamba akikataa jambo linalohusu mwili wake, mtu mzima humsikia. Wakati mwingine atakapolihitaji fundisho hilo, huenda anayemwomba asiwe shangazi na asiwe na nia njema.

Nitakuwa sijakutendea haki nikikuacha hapa bila kukwambia la kufanya na zile zilizokwisha toka. Ingia kwenye akaunti yako leo jioni, urudi nyuma hadi siku aliyozaliwa. Za karai na za hospitalini zifute. Zenye beji ya shule, jina kamili au lango la nyumba, zifute au uzifungie wachache unaowajua kwa sura. Ile ya kunyonyesha, mama, kama unaipenda na hakuna jina la mtoto chini yake, iache mahali ilipo na atakayeguna na agune.

Picha iliyowekwa na mtu baki, yaani shule, duka, kliniki au mpigapicha wa harusi, mwandikie umtake aiondoe na uiweke nakala ya ulichoandika. Asipoiondoa, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Huhitaji wakili, na sheria imeipa ofisi hiyo siku 90 kukamilisha uchunguzi wake. Ikiwa aliyeiweka ni wifi yako au mama mkwe, sheria iache kabatini. Mpigie simu, umwamkie vizuri, umuulize hali ya nyumbani kwanza, kisha umweleze. Usimwandikie kwenye kundi la familia mbele ya watu wote.